Shangazi, Nisome Nini?

Shangazi, shikamoo. Nimeitwa usaili wa kazi ya serikali na Sekretarieti ya Ajira, Dodoma. Nisome nini? – Msomaji, Songea

Marahaba, mwanangu. Kusoma utasoma, ila anza na vyeti. Toa vyeti halisi, cha kuzaliwa na kitambulisho, vitandaze kitandani, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Mimi ofisi moja ilinirudisha mlangoni, viatu vya kuazima vikinibana, kisa “Zainabu” huku, “Zainab” kule. Yakitofautiana, wahi kwa wakili akuandalie hati ya majina (deed poll), ya kuthibitisha kuwa majina yote ni yako, na isajiliwe. Slipu ya matokeo hawaipokei, usijisumbue nayo. Kisha rudia tangazo la kazi. Maswali mengi hutoka kwenye majukumu yaliyotajwa humo. Na ufike jana yake, uwe umelala.