Andiko la mradi kwa wafadhili wa kiserikali: fomu iwekeni pembeni kwanza

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: shirika lenu ni dogo, mna wazo la mradi wa maji, serikali moja ya nje imetangaza fedha, na zimebaki wiki sita. Unataka kujua muanze kujaza fomu kutoka wapi. Nimeandika maandiko ya aina hii kwa miaka kumi na moja na mengi yalikataliwa, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Andiko langu la kwanza lilikuwa la visima. Kwenye sehemu ya tatizo tuliandika "upungufu wa visima", na kwenye lengo "kuchimba visima". Barua ya kukataliwa ilikuwa fupi: eneo mlilolitaja tayari lina visima vya kutosha. Iliniuma, nikaenda kuangalia mwenyewe. Kweli vilikuwepo. Kimoja mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kamba, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani alisimama akanieleza: raba ya ndani ilikatika tangu mwaka jana, fundi anakaa mbali, na michango ya maji hakuna anayejua iko kwa nani. Kumbe shida ilikuwa matengenezo na usimamizi wa fedha. Sisi tulichukua suluhisho letu tukalipa jina la tatizo.

Tangu hapo sishiki kalamu kabla ya kuchora mti wa matatizo. Waiteni wanaoteka maji, fundi, kamati ya maji na afisa anayehusika. Tatizo kuu liandikwe kwenye kadi, libandikwe ukutani, kisha muulizane "kwa nini?" na kila jibu lipate kadi yake chini ya lile lililotangulia. Msiharakishe. Kwetu kadi iliyobadilisha mradi mzima ilikuja saa ya tatu, pale mzee mmoja aliposema kamati haijawahi kusoma mapato na matumizi mbele ya watu. Mizizi ikishaonekana, igeuzeni kila kadi iwe hali mnayoitaka, na hapo mna mti wa malengo.

Mti huo ndio unaoingia kwenye jedwali la mantiki (logframe), yaani jedwali linaloonyesha jinsi shughuli za mradi zinavyofikisha kwenye malengo yake. USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilianza kulitumia karibu na mwaka 1970, Wajerumani wakaliendeleza miaka ya 1980, na leo wafadhili wengi wa kiserikali wanalidai kwa sura moja au nyingine. Msiwalaumu. Fedha ni za walipakodi, na afisa anayezitoa atahojiwa na wakaguzi. Lisomeni kutoka chini kwenda juu: tukifanya shughuli hizi, tutapata mazao haya (yaani vitu vinavyotokana moja kwa moja na shughuli), mazao haya yakitumika, hali hii itabadilika. Penye kusitasita pana pengo. Ile safu ya mambo mnayoyategemea yawe kweli, ambayo wengi huijaza dakika ya mwisho, mimi naipa siku nzima. Kama vipuri havipatikani sokoni, kumfundisha fundi hakutatoa maji.

Viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha kama hali imebadilika, navyo viwe vya kuhesabika. "Jamii imehamasika" hakuna atakayekipima. "Idadi ya pampu zinazotoa maji siku ya ukaguzi" mtu yeyote anakwenda kuhesabu, mradi mmeshahesabu hali ilivyo kabla ya mradi.

Bajeti ndipo maandiko mengi mazuri yanapofia. Kila mstari uelekeze kwenye shughuli iliyo ndani ya jedwali. Nikikuta gari ambalo hakuna shughuli inayolihitaji, hata mimi nalikata. Na kila serikali ina masharti yake. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauruhusu gharama za uendeshaji zisizo za moja kwa moja kuzidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika. Mpango wa Japani wa miradi midogo ya jamii, unaopitia balozi zake, haulipi mishahara ya shirika, na hutaka nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Someni mwongozo wa tangazo lenu wenyewe, msinakili andiko la rafiki. Angalieni pia tarehe ya ushauri mnaousoma mtandaoni: mwingi umeandikwa kwa ajili ya USAID, ambayo iliacha kuendesha misaada Julai 2025.

Kuhusu uendelevu, naomba msiandike "jamii itaumiliki mradi" mkaishia hapo. Vigezo sita vya tathmini vya OECD (jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri), ambavyo wafadhili wengi hupimia miradi, vina uendelevu ndani yake. Andikeni nani atanunua raba mwaka wa nne, kwa fedha zipi, na nani atasoma hesabu.

Kwa wiki zenu sita, mbili za kwanza ziende kwenye pampu na kwenye kadi. Mbili zinazofuata ni za jedwali na bajeti, vifanywe pamoja, mezani pamoja. Maelezo marefu yaje baada ya hapo. Usajili wa shirika kwenye mfumo wa mfadhili anzeni leo, maana huchukua muda na hauna njia ya mkato. Mkimaliza mti wenu, upigeni picha muuweke hapa, nitausoma kadi kwa kadi.