Jibu: Mwandishi wa hapa kwetu anahatarisha nini?

Ndugu, umeuliza mwandishi wa Uganda anahatarisha nini akitoa kitabu. Jela, kwanza: mshairi na mwanaharakati Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo mwaka 2019 kwa shairi kumhusu Rais, na huko huko gerezani Luzira akaendelea kutunga.

Lakini inayonigusa zaidi ni hatari aliyoibeba Jennifer Makumbi. Wachapishaji wa Uingereza waliikataa riwaya yake Kintu, eti ni ya Kiafrika mno. Hakuibadilisha. Ndani yake, kofi moja la baba kwa mtoto wa kulea, mtoto anakufa, laana inaandama ukoo tangu 1750 hadi 2004! Wachapishaji wa Nairobi waitwao Kwani? wakaichapa 2014. Niliisoma teksi ikiwa imekwama Bwaise, mtaa wa Kampala, palepale riwaya inapoanzia. Nikainua macho, vichochoro ni vilevile.