Kutabiri mpapindi unaweza kuota wapi Pemba

Umeuliza kama data za hali ya hewa peke yake zinatosha kuonyesha mpapindi (mti wa porini wa jamii ya minazi) ungeweza kuota wapi pengine Pemba. Kwa kifupi hazitoshi bro. WorldClim (ramani za bure za hali ya hewa ya dunia) inakupa vigezo 19 vya joto na mvua, kila kiboksi cha ramani kama kilomita 1 kila upande, sasa Pemba yenyewe ina urefu wa km 67 hivi, joto la Konde kaskazini na la Mkoani kusini karibu sawa tu, kwa hiyo ukizitupia data hizo Maxent (programu ya kutabiri mmea unaweza kuota wapi) itakupakia rangi kisiwa kizima kana kwamba kote kunaufaa halafu ufurahi bure 😅

Tena ule mpapindi wa porini uko msitu wa Ngezi na vipande vingine vichache vya msitu, na hapo si kwamba mvua ya kwingine imeukataa, ni misitu ilifyekwa kupandwa mikarafuu tangu karne ya 19. Modeli (hiyo Maxent) haijui habari za panga, inaweza kudhani kule haupo kwa sababu haupawezi.

Ongeza udongo na ramani ya msitu uliobaki, pointi za mahali mpapindi ulipoonekana zilizorundikana Ngezi zipunguze, kisha nenda ukaangalie kwa macho. Yale makadirio ya hali ya hewa ya 2050 yaache kwanza, ni ya baadaye.