Maswali ya wasomaji: Shule mbili za kata, tuchague ipi?

Swali: Mwanangu amemaliza darasa la saba. Karibu nasi kuna sekondari mbili za serikali, zote za kutwa. Majirani wanaisifu ile ndogo kwa sababu haina ziro nyingi (waliopata daraja sifuri, yaani waliofeli) kidato cha nne. Je, ziro zinatosha kuamua? (Mzazi, Morogoro)

Jibu: Hazitoshi, ndugu mzazi. Ziro chache huweza kutokana na ufundishaji mzuri, na huweza pia kutokana na watoto waliokuwa nyuma kimasomo kutofika kidato cha nne kabisa. Ili kujua ni lipi kati ya hayo, fungua matokeo ya aina mbili kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania: kidato cha nne 2024 na upimaji wa kidato cha pili 2022. Hilo ni kundi moja la wanafunzi, miaka miwili tofauti. Tafuta shule kwa namba ya kituo inayoanza na herufi S, kwa kuwa majina ya shule hufanana mno.

Tufanye hesabu ya mfano. Shule ndogo ina watahiniwa 64: daraja la kwanza 4, la pili 8, la tatu 12, la nne 38, sifuri 2. Kubwa ina 180: 9, 14, 22, 105, na sifuri 30. Jumlisha daraja la kwanza hadi la tatu, yaani pointi 7 hadi 25 (chache ndizo nzuri), maana anayezidi 25 hana nafasi ya kidato cha tano. Ndogo inapata 24 kati ya 64, asilimia 37.5. Kubwa inapata 45 kati ya 180, asilimia 25. Hapo majirani wako sahihi. Sasa gawanya hizo 24 na 45 kwa waliofanya upimaji wa kidato cha pili. Kama ndogo ilikuwa nao 130 na kubwa 200, ndogo inashuka hadi asilimia 18.5 na kubwa inabaki na 22.5. Zaidi ya nusu ya watoto wa shule ndogo wamepotea njiani, na mkuu wa shule ana wajibu wa kukueleza walikokwenda: wamekariri (wamerudia) darasa, wamehama au wameacha. Rudia hesabu kwa miaka mitatu mfululizo, kwa sababu wanaokariri huingia kwenye kundi linalofuata na kuvuruga hesabu ya mwaka mmoja.

Daraja la nne lisikutulize. Alama za D mbili tu zinatosha kulipata, kwa hiyo shule yaweza kutangaza ufaulu wa asilimia 90 huku wengi wakiwa wameishia hapo.

Kisha teremka hadi jedwali la masomo chini ya ukurasa. Kila somo lina namba yake: Hisabati ni 041, Fizikia 031, Kemia 032. Kundi hilo la 2024 lilikuwa na hiari ya kuacha Fizikia na Kemia kuanzia kidato cha tatu, hivyo idadi ya waliofanya inasema mengi. Watahiniwa 180 na waliofanya Fizikia 20? Uliza kama mwalimu yupo. Nenda siku ya masomo, uombe kuona ratiba ya jumla na uangalie kama kila kipindi cha sayansi kina mwalimu. Maabara usiitazame mlangoni tu: fungua bomba la sinki, kisha omba daftari la mazoezi ya vitendo la mwanafunzi wa kidato cha nne. Ikiwa ni Julai na hakuna hata jedwali moja la usomaji wa bureti (mrija wa kupimia kimiminika), watoto hao wako hatarini kuishika kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

Chakula cha mchana nacho kina uzito kwa shule ya kutwa. Ada ilifutwa 2016, lakini chakula hutegemea michango ya wazazi. Uliza ni wangapi wanakula, si kama chakula kipo. Mtoto mwenye njaa hayupo darasani vipindi vya mchana, hata akiwa ameketi.

Swali: Shule moja ina GPA (wastani wa pointi za ufaulu) 3.6, nyingine 4.1. Ya pili ni bora? (Msomaji, Tabora)

Jibu: La, ya kwanza ndiyo bora. Vyuoni GPA kubwa ndiyo nzuri, lakini hapa A ni pointi 1 na F ni 5, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, ila GPA ya kila kituo bado unaweza kuisoma mwenyewe.

Swali: Binti yangu amepangiwa shule ya mbali. Nimhamishe kabla hajaripoti? (Mama, Kahama)

Jibu: Mwache aripoti kwanza, mama, asije akapoteza nafasi aliyonayo. Baada ya hapo nenda shule unayoitaka, mkuu wa shule athibitishe kwa maandishi kwamba nafasi ipo. Maombi mengi hukwama hapo, kwani wazazi huanza na barua ya kuhama kabla ya kupata pa kuhamia. Ukishapata uthibitisho, andika barua kupitia kwa mkuu wa shule aliyopo binti. Kwa shule za halmashauri moja, itakwenda kwa Afisa Elimu Sekondari. Eleza umbali kwa kilomita na muda wa kutembea, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.