Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Ardhi ya Mbeya Hutetemeka?

Ndugu Mhariri, ninaishi Tukuyu. Kila ardhi inapotikisika, watu hapa husema kwamba Mlima Rungwe unajiandaa kulipuka. Je, ni kweli kwamba mlima ndio unaotutikisa? Na kwa nini sisi tunatikiswa zaidi ya ndugu zetu wa Tabora?
*Msomaji, Tukuyu*

Kwa sehemu kubwa mlima unasingiziwa. Matetemeko mengi yanayosikika Rungwe, Kyela na Mbeya hutokana na miamba inayoteleza kwenye nyufa ndefu zilizo chini ya ardhi, na ukitaka kuona kazi ya nyufa hizo kwa macho yako, usitazame kilele cha Rungwe. Shuka hadi Matema, kisha utazame milima ya Livingstone inavyosimama kama ilivyo, wima, kando ya Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 500, na milima ile inapanda zaidi ya mita 1,500 juu ya maji. Mto haukuchonga ukuta wa namna hiyo. Ardhi ilikatika, upande mmoja ukazama na mwingine ukabaki juu, tena si kwa siku moja bali kwa maelfu ya matetemeko yaliyofuatana katika mamilioni ya miaka.

Ganda la nje la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea polepole juu ya miamba yenye joto kali. Mjerumani Alfred Wegener alitoa hoja mwaka 1912 kwamba mabara husogea, na wanajiolojia wengi wa wakati wake walimpuuza. Hoja yake ilikubalika kwa upana katika miaka ya 1960 tu, baada ya sakafu ya bahari kuchunguzwa. Kwetu, bamba la Nubia lililo magharibi linaachana na bamba la Somalia lililo mashariki, na kati yake kuna mabamba madogo, likiwemo la Victoria na la Rovuma. Tabora ipo ndani ya bamba la Victoria, juu ya miamba mikongwe na migumu ambayo Bonde la Ufa limeizunguka badala ya kuipasua. Mbeya, kinyume chake, ni njiapanda ambapo mabonde matatu yanakutana: la Rukwa linalotoka kaskazini-magharibi, la Nyasa linaloelekea kusini, na la Usangu linaloelekea kaskazini-mashariki.

Kwa nini mpasuko upite hapa na si kwingine? Kwa sababu hapa palikwisha kupasuka zamani. Chini ya mabonde haya kuna ukanda wa miamba yenye umri wa karibu miaka bilioni 2, iliyokandamizwa na kupangwa katika mwelekeo uleule linaoufuata Bonde la Rukwa leo. Hata makaa ya mawe ya Kiwira ni ushahidi wa jambo hilo, kwa kuwa yamo katika matabaka yaliyojaza mabonde ya kale yaliyofunguka zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya haya tunayoyaona. Ardhi inapovutwa, hukatika pale ilipokwisha kudhoofika.

Mwendo wenyewe ni wa milimita chache tu kwa mwaka, lakini pande mbili za ufa hazitelezi kila siku. Zimeshikana kwa msuguano, huku miamba ya pembeni ikiendelea kupinda, kama mwanzi unaopindwa taratibu hadi ukatike kwa kishindo. Tukichukua milimita 3 kwa mwaka, ufa uliokaa kimya miaka 1,000 unaweza kuwa umelimbikiza mita 3 za mwendo. Kwa hiyo anayesema kwamba ufa fulani umekufa kwa kuwa babu yake hakuwahi kuusikia, anapima kwa kipimo kifupi mno. Maelezo haya ya kupinda na kuachia yaliandikwa na Mmarekani Harry Fielding Reid baada ya kuchunguza tetemeko la San Francisco la mwaka 1906. Aliyachapisha mwaka 1910, na mwaka huohuo, tarehe 13 Desemba, eneo la Rukwa lilikumbwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne ya 20.

Turudi kwenye mlima. Rungwe, Ngozi na Kyejo ni volkano kweli, na hazijafa: Rungwe ulilipuka kwa nguvu yapata miaka 4,000 iliyopita, na lava ilitiririka kutoka Kyejo karibu na mwaka 1800. Maji moto ya Songwe, pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi inayojazwa kwenye mitungi katika wilaya yenu, ni dalili kwamba joto bado lipo na nyufa bado zinapitisha vitu kutoka chini. Lakini ardhi inayovutwa na kuwa nyembamba ndiyo inayoruhusu uji wa mawe kupanda, na ndiyo inayokatika na kutetemeka. Volkano na tetemeko vina chanzo kimoja bila kimoja kukizaa kingine. Mlima unapoamka, matetemeko yake kwa kawaida huwa madogo, mengi mfululizo, na ya karibu sana na mlima wenyewe.

Mhariri, wanafunzi wangu wanadai kwamba tetemeko la karibuni lilikuja mara mbili: kwanza mshtuko mdogo, kisha mkubwa. Je, yalikuwa matetemeko mawili? Pia, redio inaposema "ukubwa wa 5.9", kinachopimwa ni nini?
*Mwalimu wa jiografia, Mbalizi*

Wanafunzi wako wana masikio mazuri, Mwalimu. Huenda lilikuwa tetemeko moja lenye mawimbi ya aina mbili. Mawimbi ya kwanza huisukuma na kuivuta miamba kuelekea yanakokwenda, na husafiri takriban kilomita 6 kwa sekunde. Ya pili huitikisa kwa upande, huenda takriban kilomita 3.5 kwa sekunde, na kwa kawaida ndiyo yanayoangusha vitu kabatini. Wakati mwingine wahesabu sekunde kati ya mshtuko wa kwanza na wa pili, kisha wazidishe kwa 8: sekunde 10 zina maana kwamba chimbuko liko umbali wa kama kilomita 80. Upande gani, hawatajua. Ndiyo maana vituo vya kupimia hulinganisha saa zao, na huhitajika vitatu au zaidi ili kitovu kipatikane.

Kuhusu ukubwa, kipimo kilichoanzishwa na Charles Richter mwaka 1935 hakipandi kama rula. Kila namba moja inapoongezeka, nishati huongezeka takriban mara 32. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, lile la Rukwa la 1910, kwa hesabu hiyo, lilitoa nishati takriban mara 180 zaidi. Siku hizi wataalamu hukokotoa ukubwa kutokana na eneo la ufa lililoteleza na urefu wa mtelezo, ingawa watu wengi bado wanamtaja Richter. Ukubwa ni mmoja kwa tetemeko moja. Mtikisiko unaosikika ndio unaotofautiana kati ya Mbalizi na Chunya.

Ninajenga nyumba ya matofali ya kuchoma Kyela. Fundi anasema tuache lenta, tuongeze msingi, maana ufa mkubwa uko ng'ambo ya ziwa. Mnashauri nini?
*Mama wa watoto watatu, Kyela*

Mama, weka lenta. Fundi wako amekosea mara mbili. Kwanza, Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko uliikumba Karonga, kusini tu ya mpaka wetu, na kubwa kabisa la tarehe 19 lilikuwa na ukubwa wa 6.0, nyumba zikaanguka na watu wakafa. Halikutoka kwenye ufa wa Livingstone ulio ng'ambo ya mashariki, bali kwenye nyufa za upande wa magharibi wa ziwa, ambazo kabla ya hapo hazikuwa zikitiliwa maanani. Sakafu ya bonde imejaa nyufa kama hizo chini ya mchanga na udongo.

Pili, udongo wa Kyela ni tope na mchanga ulioletwa na mito, na udongo laini wenye maji huukuza mtikisiko kuliko mwamba wa mlimani. Msingi mzito hauzuii kuta kuachana juu. Kinachozishikilia ni lenta, yaani mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima bila kukatika kwenye kona, paa lililofungwa imara kwenye mkanda huo, na milango na madirisha yaliyokaa mbali na kona. Bati ni jepesi, na hilo ni heri kwako. Kama fedha ni chache, punguza chumba kimoja kabla ya kupunguza nondo.

Je, wataalamu wanaweza kututangazia tarehe ya tetemeko? Na sisi wa Iringa tuko salama?
*Msomaji, Iringa*

Hawawezi. Hakuna aliyewahi kutaja kwa njia ya kuaminika siku, mahali na ukubwa wa tetemeko kabla halijatokea, na ujumbe wa simu unaodai hivyo ufutwe tu. Kinachowezekana ni kukadiria, kwa miaka mingi, ni maeneo gani yana uwezekano mkubwa zaidi.

Iringa ina uwezekano mdogo kuliko Mbeya, lakini si sifuri. Bonde la Usangu liko magharibi yenu, na miteremko ya Udzungwa inayotazama Kilombero nayo inafuata nyufa. Isitoshe, matetemeko ya Bonde la Ufa la magharibi mara nyingine huanzia kilomita 30 hadi 40 chini ya ardhi, na yakianzia kina hicho husikika mbali sana, hata kwa watu ambao hawana ufa wowote karibu nao.