Halali ni halali, ila mjane ataithibitishaje?

Wiki hii mmeuliza kama ndoa ya Kiislamu iliyofungwa bila cheti ni halali. Mbona hilo linajulikana, walii anayemwozesha bibi harusi yupo, mashahidi wawili wapo, mahari imetajwa, ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali, zimepita, basi hiyo ni ndoa na karatasi haiongezi kitu. Kinachoniuma mimi ni kwamba mwanamke haambiwi ndoa yako batili, anaambiwa thibitisha.

Mama yangu mdogo alifiwa na mumewe, eda haijafika hata nusu, watoto wa mke mkubwa wakaja na neno kwamba huyu hakuolewa, alikuwa hawara tu. Maana akitambuliwa inabidi wake wawili wagawane ile thumni, yaani sehemu moja ya nane ya mirathi. Sheikh aliyeozesha ashafariki, walii ambaye ni babu yetu ashafariki, shahidi mmoja naye katangulia. Kabaki mzee mmoja haoni vizuri, akashikwa mkono mpaka kwa kadhi. Kadhi akamtoa mama mdogo nje, akamuuliza mzee peke yake, mahari ilikuwa nini? Akasema msahafu na cherehani ya kukanyaga, na hiyo cherehani ilichelewa, ikaletwa harusi ishapita tena haina meza. Akaitwa mama mdogo akaulizwa hilohilo, akajibu hivohivo, akaongeza kwamba meza alikuja kuichonga babu mwenyewe. Kadhi akaitambua ndoa. Lakini kwenye mafao ya marehemu wakamwambia sisi tunataka cheti, akawa anazungushwa maofisini kipindi ambacho alitakiwa atulie nyumbani kwenye eda yake.

Nilivyoanza kuandika nilitaka niseme serikali ziache kuingilia nikahi zetu, ila kwenye Qurani sura ya Baqara aya ya 282 imeamrisha deni liandikwe, deni tu, seuze ndoa? Shida ni adhabu inamwangukia nani. Pakistan tangu 1961 ndoa lazima isajiliwe na asiyesajili anaadhibiwa, ila ndoa yenyewe haifutwi, na mi naona hiyo ndo haki. Misri tangu 1931 mume akikana na hakuna hati rasmi mahakama haisikilizi dai la mke, mpaka 2000 ndo wakalegeza, tena kwa anayedai talaka tu na awe na maandishi yoyote ya kuonyesha ndoa. Uingereza nayo 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema nikahi iliyofungwa nje ya taratibu za sheria yao haihesabiki hata kuwa ndoa batili, ambayo kwao mke angeweza kudai kupitia hiyo, kwa hiyo mke hana hata pa kuanzia kudai mgao wa mali kama mtalaka.

Kwa hiyo ndoa bila cheti ni halali, sibadilishi, ila binti yangu simuozeshi kwa sheikh asiyeandikisha. Wasaini watu wakiwa bado wamekaa, na nakala moja abaki nayo yeye mwenyewe. Labda iwe vitani au ukimbizini hakuna ofisi, hapo hata daftari litatosha, tarehe, mahari, majina ya walii na mashahidi. Na hili nalisema kwa wanaoozesha na wanaooa, mtu asije akalichukua kumnyima haki mjane ambaye ndoa yake ishafungwa zamani na cheti hana.