Kabla hujaniletea hiyo volkano yako

Wadogo zangu wa labu, wiki hii nimeletewa volkano ploti mbili (grafu za tofauti kati ya makundi) zinawaka kila kona, na hakuna aliyekuja na PCA (grafu ya kuona sampuli zipi zinafanana). Nimechoka kurudia, ila nawapenda, kwa hiyo someni.

1. Chora PCA kwanza, na rangi upake kwa chipu, siyo kwa aina ya uvimbe tu. Mimi nilikuwa na sampuli 48 za saratani ya titi, 24 ER chanya (zenye kipokezi cha estrojeni) na 24 ER hasi, za kupima methilesheni (alama za kemikali kwenye DNA zinazoweza kuzima jeni) kwa EPIC, kipimo cha chipu, yaani chipu 6 maana moja inabeba sampuli 8. Boksi la ER hasi lilikuwa juu kwenye friza, nikalitoa lote, nikafanya baisalfaiti (kemikali ya kutofautisha DNA yenye methilesheni na isiyo nayo), nikajaza chipu 3. ER chanya zikafuata wiki tatu baadaye na vitendanishi vipya. Maelfu ya CpG (sehemu za DNA zinazobeba methilesheni) zikatofautiana, nikaanza kabisa kuandika jinsi ESR1, jeni ya ER, inavyozimwa bila mutesheni. Kwenye kikao dada wa takwimu akauliza kitu kimoja tu, ER na bachi (kundi la sampuli zilizoandaliwa pamoja) unazitenganishaje? Nikanyamaza. Nikakimbilia ComBat, programu ya kuondoa athari za bachi, lakini vikishashikana hivyo ukiondoa bachi umeondoa na ER yenyewe, na ukiiacha hujui unaona baiolojia au unaona vitendanishi. Miezi saba ikaenda. Na miezi siyo iliyoniuma, waliniuma wale kina mama waliosaini ridhaa siku chache kabla ya upasuaji, maana DNA ya wengine haikutosha kurudia na kipande kile hakikatwi mara mbili. Kila chipu weka 4 kwa 4, jamani!

2. Uvimbe siyo seli za saratani tupu, kuna limfosaiti (seli za kinga), stroma (tishu ya kushikilia), mafuta. Ukilinganisha na titi la kawaida bila kusahihisha hilo, utakuwa umegundua mafuta.

3. BRCA1, jeni ya kuzuia saratani, kutokuwa na mutesheni haimaanishi inafanya kazi, angalia promota (swichi ya jeni). Juzi mmoja wenu alishaiandika "nzima" kwenye jedwali, tukafungua beta (viwango vya methilesheni, 0 hadi 1) za promota tukakuta ziko juu, jeni imezimwa na herufi zake zote zipo, alikaa kimya akiangalia skrini mpaka chai ikapoa. Huyo atafika mbali.

4. Namba za aina ya sampuli kwenye TCGA, hifadhi ya data za saratani: 01 uvimbe, 11 tishu ya kawaida, 10 damu.

5. Takwimu fanya kwa M (logi ya uwiano unaotokana na beta), beta ni za kusomea. Probu 59 za SNP (herufi za DNA zinazotofautiana kati ya watu) zipo kwenye EPIC ya kwanza (v1), zitumie kukagua kama sampuli zimechanganywa.

Mwenye chipu za wiki ijayo aniletee mpangilio kabla hajafungua friza, nipo mpaka saa kumi na moja.